Majani Barabarani: Walionusurika na Tairi Kwenye Barabara za Morogoro

Ukisafiri kutoka Msamvu kwenda Mikumi, au ukipandisha milima ya Uluguru kuelekea Mgeta, kuna kitu lazima utakiona siku moja: matawi mabichi yamelazwa barabarani, moja hapa, jingine hatua kadhaa mbele, halafu lori limesimama limeinama upande mmoja. Hakuna shule inayofundisha alama hiyo. Lakini hata mtoto aliyekaa siti ya dirishani anajua maana yake: mbele kuna gari bovu, punguza mwendo.

Nani alianza kulaza majani hayo? Hana jina. Hakuna kibao chake, hakuna mtaa wake. Ni dereva fulani, au utingo fulani, ambaye siku moja tairi lilimwangusha mahali pabaya, akavunja tawi la mti uliokuwa karibu ili mwenzake asije akamgonga kwa nyuma. Wenzake wakaona, wakaiga, na mpaka leo tunalindwa na akili yake.

Historia ya barabara za Morogoro imejaa watu wa aina hiyo.

Kinachoandikwa ni kifo

Mkoa huu una kumbukumbu nzito za barabarani. Tarehe 12 Aprili 1984, Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alifariki kwa ajali ya gari eneo la Dakawa, akitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Chuo Kikuu cha Kilimo pale Morogoro kinabeba jina lake. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, likalipuka, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Siku kama hizo zina tarehe, zina makaburi, zina hotuba.

Sasa chukua basi lililopasuka tairi la mbele likiwa kwenye mwendo. Dereva hakukanyaga breki. Aliushika usukani kwa mikono yote miwili, akatoa mguu kwenye mafuta, akaliacha gari lipungue lenyewe mpaka likalala pembeni. Abiria wanashuka wakitetemeka. Mama mmoja anaimba mapambio, kijana anapiga picha, wengine wanaingia vichakani kuchimba dawa. Baada ya saa moja tairi limebadilishwa, safari inaendelea. Hakuna askari aliyeandika, hakuna gazeti lililokuja. Watu hamsini wamerudishiwa maisha yao, na jioni kila mtu yuko kwake anakula ugali.

Kunusurika hakufunguliwi jalada polisi. Ndiyo maana ukitaka historia ya walionusurika, usiitafute kwenye makabati ya ofisi. Itafute kwenye mazoea ya watu wa barabarani: kwenye majani, kwenye mawe, kwenye nyundo ya fundi pancha.

Mlima uliokataa magurudumu

Milima ya Uluguru inapanda zaidi ya mita 2,600, na kwa muda mrefu haikutaka kusikia habari ya gurudumu. Mizigo ilipita kichwani na mgongoni. Tairi la upepo lilikuwa limeshabuniwa Ulaya, John Boyd Dunlop alilisajili mwaka 1888, lakini huku mwenye njia alikuwa mpagazi.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyouonyesha ulimwengu ukaidi wa mlima huu. Majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliingia Morogoro mjini mwishoni mwa Agosti 1916. Wajerumani walikuwa wameshaondoka, wamezunguka milima kuelekea kusini, Kisaki. Waliowafuata kwa upande wa magharibi, kupitia Mlali na Mgeta, walikuta njia haipitiki kwa magari ya magurudumu, ikabidi magari yarudishwe. Upande wa mashariki, njia ya kupitia Matombo ikachongwa ili magari ya mizigo yapite. Mvua ziliposhuka, ikawa tope.

Gari lilipokwama, aliyeitwa ni mtu. Wapagazi wa Kiafrika ndio waliobeba vita ile, wakafa kwa makumi ya maelfu kote Afrika Mashariki, kwa maradhi na uchovu zaidi ya risasi. Majenerali tunawajua majina. Aliyeweka bega chini ya gari lililotaka kurudi nyuma korongoni, hatumjui.

Safari ya jehanamu

Ukitaka kujua utingo alizaliwa vipi kama shujaa wa barabara hii, rudi mwaka 1965. Tarehe 11 Novemba mwaka huo, walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wenyewe. Zambia, iliyokuwa ikipata mafuta yake kupitia huko kusini, ikajikuta imekabwa koo. Njia iliyobaki ilikuwa ya Tanzania: Dar es Salaam, Morogoro, Mikumi, Iringa, Mbeya, Tunduma, mpaka ndani ya Zambia. Kwa malori.

Mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya malori ya Zambia na Tanzania, na Fiat za Kiitaliano zenye trela zikaanza kukimbiza. Kwenda, mafuta kwenye mapipa. Kurudi, shaba. Sehemu kubwa ya barabara ilikuwa changarawe na vumbi, na masika ilikuwa utelezi mtupu. Waandishi wa Kiingereza waliiita Hell Run, yaani safari ya jehanamu. Haikuwa mbwembwe za waandishi: malori mengi yaliishia makorongoni.

Jehanamu yenyewe ilianzia kwenye tairi. Barabara ya changarawe ikipitiwa sana na malori hujikunja mawimbi kama bati la nyumba. Gari likipita juu yake linatetemeka mwili mzima, na nati za tairi zinaanza kulegea moja moja, kimyakimya. Dereva hasikii kitu mpaka gari lianze kuyumba. Akichelewa kidogo tu, anaona tairi linampita mbele linakimbilia porini, anajiuliza ni la gari gani, kumbe ni lake.

Hapo ndipo yalipojengeka mazoea ambayo wazee wa malori wanayafuata mpaka leo. Ukifunga tairi jipya, usiliamini: nenda kilomita kadhaa, simama, kaza nati tena. Ukisimama popote, zunguka gari zima na kipande cha chuma, gonga kila tairi. Lenye upepo linarudisha sauti na chuma kinadunda. Lililoishiwa linajibu kama gunia la mchanga. Kwenye magurudumu pacha ya nyuma ni muhimu zaidi, maana tairi la ndani likiishiwa upepo mwenzake anaficha aibu yake. Linasuguana, linapata moto, na mpira ukishika moto chini ya lori la mafuta, mjadala umekwisha.

Ndani ya Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kulikuwa na mtihani wake. Barabara inakata katikati ya mbuga kwa kilomita zipatazo 50. Pancha ya usiku pale maana yake utingo ashuke na jeki huku simba na tembo wako kwao. Mmoja anafungua nati, mwingine anamulika tochi kichakani. Ndiyo maana dereva makini humaliza kukagua matairi kabla ya kuingia hifadhini.

Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita zaidi ya 1,700, lilikamilika mwaka 1968. Lami ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1970. Reli ya TAZARA ikafunguliwa mwaka 1976. Jehanamu ikapoa, lakini utingo akabaki na elimu yake.

Jiwe la utingo

Kwenye milima, elimu hiyo ina uzito wa kilo kadhaa: ni jiwe, au gogo lililochongwa kabari. Gari likizidiwa mlimani na kuanza kurudi nyuma, utingo anaruka likiwa bado linatembea, anakimbilia tairi la nyuma, anasukumia jiwe, anatoa mkono. Huko kutoa mkono ndiko kunakotofautisha aliyezoea na aliyeanza juzi. Land Rover zilizokuwa zikishusha kabichi, njegere na viazi kutoka Mgeta, au ndizi kutoka upande wa Matombo, zilikuwa na kijana wa jiwe nyuma, amening'inia. Akina mama waliokaa juu ya magunia walikuwa wanamwangalia yeye kuliko dereva.

Lakini jiwe hili lina upande wake mbaya, na lazima usemwe. Gari likishawaka na kupanda, utingo anarukia nyuma na jiwe linabaki barabarani. Usiku anakuja mwenye bajaji au pikipiki, taa hafifu, analivaa. Jiwe lililookoa watu kumi jana linamuua mmoja leo, na aliyeliacha hatajua kamwe. Utingo wa zamani aliyefundwa vizuri alirudi kuliondoa, hata kama dereva alikuwa anampigia honi aharakishe.

Miaka ya vipara

Arusha kilikuwapo kiwanda cha General Tyre, na kwa miaka mingi magari ya Tanzania yalikimbilia matairi yake. Lakini baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979, nchi iliishiwa fedha za kigeni na kila kitu kikawa cha foleni. Tairi jipya likawa mali ya kufichwa. Watu waliendesha vipara, tairi laini kama kiganja. Likitoboka, kipande cha tairi kuukuu kiliwekwa ndani kuziba tundu, mpira wa ndani ukajazwa upepo, safari.

Aliyebeba hatari ya miaka ile ni fundi pancha. Rimu za malori ya zamani zina ringi ya chuma pembeni inayolishikilia tairi. Ikikaa vibaya kidogo, upepo ukiingia inafyatuka kwa nguvu ya kuvunja fuvu la kichwa. Mafundi walijifunza kwa gharama: fungia ringi kwa mnyororo, au geuza upande wenye ringi uelekee chini, au lisukumie tairi chini ya gari ndipo ujaze, na wewe usiinamie. Ukipita gereji ukaona fundi anajaza upepo amesimama mbali, kageuza uso, usimcheke. Kuna mwenzake aliyeinama.

Na tairi lililokufa kabisa halikutupwa. Liligeuka katambuga. Mwenye baiskeli isiyo na breki, akiteremka mlima na mkungu wa ndizi nyuma, alikandamiza mguu wenye katambuga kwenye gurudumu. Tairi likamfunga breki tairi mwenzake.

Lami imeleta usahaulifu

Leo barabara kuu ni lami, na hapo ndipo kuna jambo la kuogopa. Changarawe ilimlazimisha dereva kwenda taratibu. Tairi lilipomshinda, alikuwa na muda. Lami imempa mwendo lakini imemnyang'anya muda. Halafu dereva wa zamani alikuwa analijua tairi lake kwa sababu alilifungua kwa mikono yake. Wa sasa anaambiwa na tajiri kwamba "bado linatembea", naye ana watoto wa kusomesha, anawasha gari.

Matairi mengi yanayouzwa mitaani ni ya mtumba, yametumika Japani au Ulaya. Kwa macho yana meno mazuri kabisa. Lakini mpira unazeeka hata ukikaa stoo. Angalia ubavuni mwa tairi, kuna tarakimu nne za mwisho kwenye namba ya kiwandani. Zikiwa 2314, limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Ukiona nyufa ndogo ndogo pembeni kama kisigino cha kiangazi, tairi hilo limeshachoka, hata likipakwa rangi nyeusi likang'aa. Na tairi lenye upepo pungufu ndilo linalopata joto haraka, hasa kwenye jua la mchana wa Morogoro hadi Chalinze.

Abiria naye ana kazi yake. Kabla ya kupanda, zunguka gari mara moja. Tazama matairi ya mbele, maana hayo ndiyo yenye roho yako. Hesabu nati. Sheria ya Usalama Barabarani ipo tangu mwaka 1973, lakini haiwezi kusimama stendi kila alfajiri kukuangalizia tairi. Kondakta akinuna, mwache anune.

Na ukiwa na gari lako likaharibika, weka pembetatu zako, ongeza majani kama desturi inavyotaka, halafu ukiondoka ondoa vyote, na jiwe pia.

Wadau, kila ukoo wa Morogoro una mmoja: babu aliyekuwa utingo wa Fiat, mjomba wa Land Rover ya Mgeta, jirani fundi pancha mwenye kovu kwenye paji la uso. Wengi wao wamezeeka na hakuna aliyewauliza. Muulize jioni hii, siku ile tairi lilipotoka alifanya nini na mikono yake. Kisha andika hapo chini kwenye maoni, maana kuna kijana amekabidhiwa lori wiki hii na hajawahi kufundishwa kugonga tairi.