Kutoka Nyonga Hadi Mkono: Historia ya Kipimo cha Saratani ya Damu



Kutoka Tosamaganga, nje kidogo ya mji wa Iringa, hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 500. Mgonjwa wa saratani ya damu anayetibiwa Dar huzirudia kila anapotakiwa kupimwa. Kwake, kinachopimwa na mahali kinapopimwa ni jambo kubwa.

Damu hutengenezwa ndani ya mfupa, kwenye uboho, au uloto. Miaka ya 1920 daktari Mrusi Mikhail Arinkin alionyesha namna ya kuuvuta kwa sindano. Baadaye nyonga ikawa mahali pa kawaida: mgonjwa analala ubavu, nguo inashushwa, sindano nene inaingia mfupani. Ganzi hupigwa, lakini kuvutwa kwenyewe huuma. Na kwetu, juu ya maumivu, kuna stara.

Mwaka 1960, huko Philadelphia, Nowell na Hungerford waliona kromosomu fupi ya ajabu kwa wagonjwa wa saratani iitwayo CML. Mwaka 1973 mwanamke, Dk. Janet Rowley wa Chicago, akafumbua fumbo. Alikuwa akikata picha za kromosomu kwenye meza ya chakula nyumbani kwake, akagundua kuwa ya 9 na ya 22 zimebadilishana vipande. Kosa hilo huzaa jeni ya BCR-ABL, alama ya ugonjwa. Kipimo cha PCR, kilichobuniwa miaka ya 1980, huihesabu alama hiyo katika damu ya mkononi. Ukunjue mkono wa baibui tu.

Mwaka 2001 dawa ya imatinib iliidhinishwa Marekani, na baadaye Ocean Road, Dar, ikaigawa bure kupitia mpango wa msaada. Mashine ya GeneXpert, tunayoijua kwa kifua kikuu, nayo ina kipimo cha BCR-ABL. Hivyo kinachosafiri kinaweza kuwa chupa ya damu, si mgonjwa.

Maharusi, hapa sikilizeni. Imatinib yaweza kumdhuru mtoto tumboni. Mgonjwa ambaye vipimo vyake vimekaa vizuri muda mrefu anaweza kuruhusiwa kuisimamisha ili apate ujauzito, huku damu ikipimwa mara kwa mara. Usiiache kimyakimya kwa ajili ya harusi. Mwambie daktari, na mwambie mchumba.

Uboho bado unahitajika, hasa mwanzoni na kwa saratani nyingine za damu. Ukiombwa, usikatae. Omba mhudumu wa kike, na shuka.