Mwungwana: neno la zamani na safari yake hadi Kisangani

Anayesoma Wagalatia sura ya 4 katika Biblia ya Union, ile ya mwaka 1952, hukutana na neno mwungwana. Vijana wetu wengi hapa Kisangani hudhani ni mtu mpole, mwenye adabu. Kwa hiyo hawaelewi kwa nini Paulo amtaje mwungwana upande mmoja na mjakazi upande wa pili.

Katika miji ya pwani, mwungwana alikuwa mtu huru, asiyemilikiwa na mtu, mwenye ukoo unaojulikana. Maana ya adabu ilishikamana na neno hilo kwa sababu watu huru ndio waliohesabiwa kuwa na malezi mema. Paulo anasema juu ya Sara na Hagari, na watafsiri walitaka ile maana ya uhuru.

Lakini neno hilo lilipofika kwetu lilikuwa limegeuka. Stanley alipopita kwenye maporomoko yetu Januari 1877, wapagazi na askari wake kutoka Zanzibar aliwaita Wangwana, ingawa baadhi yao walikuwa watumwa ambao mabwana wao walichukua sehemu ya mshahara. Nyuma yake wakaja watu wa Tippu Tip, ambaye mwaka 1887 alifanywa gavana wa Stanley Falls kwa niaba ya Mfalme Leopold. Vijana waliotekwa vijijini, hasa Maniema, walifundishwa Kiswahili, wakavaa kanzu, wakapewa bunduki, nao wakaitwa Wangwana. Wasiokuwa wa kundi hilo waliitwa washenzi. Neno hili la pili mnalijua: liliingia hata katika Lingala, na mpaka leo ni tusi.

Tazameni basi jambo hili gumu. Jina la mtu huru lilibebwa na watu waliokuwa wametekwa, nao wakatumwa kuteka wengine. Kwa wazee wa vijiji vya mtoni, kusikia kwamba Wangwana wanakuja ilikuwa habari ya kukimbilia msituni, wala hakuna aliyefikiria adabu.

Vita vya 1892 hadi 1894 vilivunja utawala wa wafanyabiashara hao, lakini lugha yao ilibaki, ikaitwa Kingwana. Wamisionari waliitumia. John Whitehead, Mbatisti aliyewahi kuandika sarufi ya Kibobangi, alitoa kitabu chake cha Kingwana mwaka 1928 kwenye misheni ya Wayika, ukingoni mwa Lualaba. (Jirani zetu wa Yakusu, Wabatisti vilevile, walishika zaidi Kilokele.) Leo ni vigumu kusikia mtu akisema anaongea Kingwana, tunasema Kiswahili tu.

Kwa wahubiri wetu, tunaona si vema kulipita neno hili haraka. Biblia ya Habari Njema inaandika mwanamke huru, na msikilizaji anaelewa mara moja. Anayesoma Union aeleze kwanza kwamba ni huyo huyo. Tena aseme kwa upole, kwa maana ndani ya makusanyiko yetu wamo wajukuu wa waliotekwa na wajukuu wa waliowateka, na mara nyingine ni mtu mmoja mwenye babu wa pande zote mbili.