Kufuma ama Kushona Viraka? Leso za Shosho Ndizo Zilinipa Jibu

Shosho alipotuacha mwaka jana, mimi niliachiwa vitu viwili: sindano zake mbili za kufumia sweta, na begi moja kubwa la leso. Nilizihesabu mara mbili. Ishirini na tatu. Kuna za harusi, kuna za chama, kuna moja ya kampeni ya mwanasiasa ambaye hata hakushinda. Leso huuzwa mbili mbili, kwa hivyo hizo ni jozi kumi na moja na moja iliyobaki peke yake. Mamangu anasema pacha wa hiyo moja ndiyo nilibebwa nayo mgongoni mpaka ikararuka.

Halafu mamangu akaniwekea deadline. "Usipozifanyia kitu kufikia Disemba, nazigawa. Leso si za kukaa kwa begi zikiliwa na panya."

Sasa wasee, mimi ni mtu ambaye hata kifungo cha shati napelekea fundi. Lakini nikaamua najifunza. Swali likawa ni lipi: nichukue sindano za shosho nianze kufuma, ama nikate leso nizishone ziwe mfarishi?

Kama neno mfarishi ni geni kwako, tulia nikueleze. Ni kama blanketi la tabaka tatu: juu viraka vilivyounganishwa, katikati pamba ama blanketi jepesi, chini kitambaa kizima. Kisha unapitisha uzi tabaka zote tatu ili zishikane. Kufuma nako unajua, ni uzi mmoja na sindano mbili, unatengeneza kitanzi ndani ya kitanzi mpaka itokee sweta, kofia ama skafu.

Ukiuliza watu watakuambia bei na urahisi. Hiyo tuimalize haraka. Kufuma ni rahisi kuanza: sindano mbili, mpira mmoja wa uzi, na unaweza kufuma ukiwa kwa matatu. Mfarishi unataka mkasi mkali, rula, pini nyingi, meza ama sakafu, na uvumilivu wa kupiga pasi. Kwa hesabu hiyo kufuma kumeshinda.

Lakini mimi kilichonikwamisha si bei. Ni hiki: ukikosea kufuma, unavuta uzi, kazi yote inafumuka, unaanza upya. Hakuna kilichopotea isipokuwa jioni yako. Ukikata leso ya shosho vibaya, imekatwa. Hakuna fundi Nairobi nzima atakurudishia. Kwa hivyo nikaenda kusoma historia ya hizi kazi mbili, nikitafuta sababu ya kutokata. Nilipata kitu tofauti.

Tuanze na kufuma. Watu wengi, hata mimi, tulidhani ni kitu cha wazungu wazee wakiota moto. Kumbe baadhi ya vipande vya zamani zaidi vya kufuma kwa sindano vinavyojulikana vimetoka Misri: soksi za pamba, za rangi ya buluu na nyeupe, za kati ya karne ya 11 na ya 14. Afrika hii yetu. Soksi zina mapambo makali hivi kwamba unajua aliyezifuma hakuwa anaanza jana. Ulaya ufundi huu unaonekana baadaye kidogo. Mwaka wa 1400 hivi, mchoraji Mjerumani Meister Bertram alimchora Bikira Maria akimfumia mtoto Yesu nguo kwa sindano nne.

Halafu pesa ikaingia. Soksi ndefu za kufuma zikawa fasheni Uingereza, na watu maskini wakawa wanaishi kwa kuzifuma. Mwaka wa 1589 kasisi mmoja wa Nottinghamshire, William Lee, akaunda mashine ya kufuma soksi. Akampelekea Malkia Elizabeth wa Kwanza akitaka hataza. Akanyimwa. Inasimuliwa kwamba malkia aliogopa mashine ingewaacha wafumaji maskini bila kazi. Lee akaenda Ufaransa, na mashine yake ikaja kushika baada yake. Mwaka wa 1811, kule kule Nottinghamshire, mafundi wa mashine za soksi ndio walianza kuzivunja kwa nyundo usiku, kwa sababu mishahara ilikuwa imeshuka na waajiri walikuwa wanatoa soksi mbovu za bei rahisi. Hao ndio Luddites. Siku hizi ukiogopa teknolojia unaitwa hilo jina, lakini hawa hawakuwa washamba. Walijua mashine vizuri kuliko wewe na mimi. Shida yao ilikuwa mkate.

Nachotaka uone ni hii tabia ya uzi: unarudi. Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilianza kugawa nguo kwa kuponi Juni 1941. Watu wakafumua sweta kuukuu, wakaosha uzi, wakafuma sweta nyingine. Sweta ya baba inakuwa ya mtoto, na ukiitazama huwezi kujua. Na uzi ulificha siri pia. Phyllis Latour, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliangushwa kwa parachuti Normandy mwaka wa 1944 kupelelezea Waingereza. Codes zake zilikuwa kwa kitambaa cha hariri alichozungushia sindano ya kufumia, akaificha ndani ya kamba ya kiatu aliyofungia nywele. Alituma jumbe 135.

Hapa kwetu pia kufuma kuna story. Mamangu alisoma 8-4-4 ilipokuwa bado mpya, ile iliyoanza 1985, na anasema walifuma darasani, wasichana kwa wavulana, na asiye na sindano alikuja na spoku za baiskeli. Shosho ndiye alimfumia sweta ya shule. Ilipombana, shosho akaifumua akaongeza uzi mwingine. Ile rangi haikulingana vizuri, na mamangu mpaka leo anakumbuka alivyochekwa.

Kwa hivyo kufuma ni kazi ya kusamehe. Nilikuwa karibu kuamua hapo. Lakini nikajiuliza: nikifuma skafu kwa sindano za shosho, na uzi niliotoa dukani Biashara Street, je, shosho yuko kwa hiyo skafu? Sindano ni zake, sawa. Uzi ni wa dukani. Na leso zitakuwa bado kwa begi, zikingoja Disemba.

Basi nikageukia mfarishi.

Historia ya viraka ni ya watu walioshona walichobaki nacho. Sudan, kuanzia 1881, wafuasi wa Mahdi walivaa jibba lenye viraka, alama ya kwamba wameacha anasa za dunia. Ilianza kama nguo ya ufukara, ikawa sare ya jeshi. Ndiyo waliyovaa kule Omdurman mwaka wa 1898 wakikabili bunduki za Kitchener.

India, jimbo la Karnataka, kuna watu wanaoitwa Wasiddi. Mababu zao ni Waafrika, wengi waliopelekwa huko kama watumwa kutoka upande huu wetu wa Afrika. Wanawake wao hushona blanketi za viraka vya nguo kuukuu zinazoitwa kawandi. Wanaanza pembeni na kuzunguka kuingia ndani mpaka wafike katikati, kwa mkono. Kwenye pembe nne wanaweka vipande vidogo vilivyokunjwa, wanaviita maua. Bila hayo maua, wao husema kawandi iko uchi.

Halafu Marekani. Harriet Powers alizaliwa mtumwa Georgia mwaka wa 1837. Baada ya uhuru alishona mfarishi wenye hadithi za Biblia, picha kwa picha. Mwaka wa 1886 mwalimu mmoja wa sanaa aliuona kwenye maonyesho, akataka kuununua. Harriet akakataa. Miaka michache baadaye pesa ikakauka nyumbani, akarudi kuuza. Aliomba dola 10, akapata 5. Kabla ya kuuacha alimweleza mnunuzi kila picha maana yake, na baadaye alirudi mara kadhaa kuutazama tu. Leo uko Smithsonian, Washington. Hiyo ya kurudi kutazama ilinimaliza. Huwezi kurudi kutembelea kitu ambacho ni kitambaa tu.

Kwanza niseme hapa: ile video inayozunguka eti watumwa Marekani walikuwa wanaficha ramani za kutorokea kwenye mifarishi, wachana nayo. Wanahistoria wametafuta ushahidi na hawajaupata. Ukweli wenyewe una uzito wa kutosha.

Na ukweli ulionigusa zaidi uko Gee's Bend, Alabama. Ni kijiji ndani ya kona ya mto, na watu wengi huko wanaitwa Pettway, jina la mzungu aliyewamiliki mababu zao. Mwaka wa 1942 mama mmoja, Missouri Pettway, alikuwa amefiwa na mumewe. Akachukua nguo zake za kazi, zile za shambani, akazikata, akazishona mfarishi wa kujifunika. Binti yake Arlonzia alimsaidia. Ukiona picha, kitambaa kimepauka, na kuna sehemu zimekolea rangi zaidi. Hakuwa anatafuta urembo. Alikuwa na nguo za mtu ambaye hatazivaa tena, na baridi. Miaka sitini baadaye, 2002, mifarishi ya kijiji hicho ilitundikwa makumbusho ya Houston, na 2006 ikawekwa kwenye stempu za posta za Marekani.

Hapo nikaelewa nilikuwa nimeuliza swali vibaya. Missouri Pettway alikata kitu ambacho hakingerudi, lakini mwenye nguo naye hakuwa anarudi. Kutokata hakungemrudisha.

Bado mkono ulikuwa unatetemeka, sikudanganyi. Leso ni leso. Ina pindo, ina mji, ina jina. Nani anakata jina?

Halafu nikasoma historia ya leso yenyewe. Neno limetoka kwa Wareno, walioita kitambaa cha mkono lenço. Karne ya 19 ikielekea kuisha, wanawake wa pwani, Zanzibar na Mombasa, walikuwa wananunua vile vitambaa vya mkono vilivyochapishwa, vikiuzwa vimeungana kwa jora. Walikata sita, wakagawa tatu tatu, wakashona safu mbili pamoja, wakapata vazi moja pana. Wengine walichanganya vitambaa tofauti ili wasifanane na jirani. Wafanyabiashara walipoona hivyo ndipo wakaanza kuagiza kitambaa kizima kilichochapishwa tayari. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, wale wa "Mali ya Abdulla", linajulikana kuanzia 1887.

Soma tena hapo. Leso ilianza kwa kukatwa na kuunganishwa. Leso ya kwanza kabisa ilikuwa viraka! Mimi nilikuwa naogopa kukosea heshima kwa kufanya kile kile walichofanya waliobuni leso.

Basi maoni yangu ni haya, na uko huru kuyakataa. Kama unataka kazi ya mikono ya kutuliza akili, ya kubeba kwa begi, ya kukosea bila kuumia, anza na kufuma. Usione haya kutumia uzi wa bei ya chini, utafumua mara nyingi. Lakini kama kuna mtu unamkumbuka na nguo zake ziko mahali zimekunjwa, shona viraka, hata kama ni kazi ngumu zaidi kwa beginner. Ila usianze na hizo nguo. Nenda Gikomba, nunua mashati ya pamba ya mtumba, ukate hayo kwanza. Mimi niliharibu mashati manne kabla vipande vyangu kutoka sawa. Mraba wangu wa kwanza ulikuwa na pembe tano, sijui hata niliifanya aje.

Leso nilifanya hivi. Kwa kila jozi nilikata moja, pacha wake nikamwacha mzima. Hizo nzima tunagawana na binamu zangu. Majina sikuyakata katikati, nilitoa kila jina kwa ukanda wake mrefu, na ndiyo yanazunguka mfarishi pembeni. Hata lile la mwanasiasa liko, shosho aliipenda hiyo leso kuliko alivyompenda mwenyewe. Ile iliyokosa pacha haijaguswa.

Sasa hivi upande wa juu umeisha na kati nimeweka blanketi kuukuu. Jioni tunashona tabaka, mimi upande huu, mamangu upande ule. Yeye hushona haraka, kisha hunisimulia leso ipi ilitoka wapi: hii ya harusi ya shangazi, hii ya siku walipomaliza kulipia shamba la chama. Nusu ya hizo story sikuwa nazijua.

Sindano za kufumia ziko kwa droo. Nitazifikia tu. Lakini kama kwenu kuna begi la leso mahali, muulize mamako kabla hajazigawa.