Majirani wa Kilima cha Latrun

Barabara kuu itokayo Yerusalemu kwenda Tel Aviv huteremka milimani kwa kona nyingi, kisha hufika tambarare ya bonde la Ayalon. Mahali hapo panaitwa Latrun. Aliyeshika Latrun ameshika barabara, na majeshi yote yaliyopigania Palestina yalilijua hilo. Mwaka 1948, kati ya Mei na Julai, jeshi changa la Israeli liliishambulia ngome ya polisi ya Latrun tena na tena, na kila mara likarudishwa nyuma na askari wa Jordan. Mapatano ya kusitisha vita ya mwaka 1949 yalichora mistari miwili kwenye ramani, na katikati yake ukabaki ukanda usio wa nchi yoyote. Juni 1967 Israeli iliuteka upande mzima. Wapalestina wa vijiji vitatu vya jirani, Imwas, Yalu na Beit Nuba, walifukuzwa wote na nyumba zao zikabomolewa. Baadaye juu ya magofu hayo ilipandwa bustani kubwa ya miti kwa michango kutoka Kanada, na hadi leo familia za mjini huenda huko kupumzika siku za mapumziko, meza zao zikiwa zimepangwa mahali zilipokuwa nyua za watu.

Historia hiyo lazima itangulie, maana kijiji kinachoelezwa hapa mara nyingi husimuliwa kana kwamba kilianzia kwenye ardhi isiyo na habari.

Mwaka 1970 wamonaki Watrapisti wa monasteri ya Latrun walikubali kumkodisha padri mmoja kilima chao chenye ukubwa wa hekta zipatazo 40, kwa malipo ya jina tu. Padri huyo ni Bruno Hussar, wa shirika la Wadominikani. Alizaliwa Cairo mwaka 1911 katika familia ya Kiyahudi isiyoshika sana dini, akasomea uhandisi Paris, akabatizwa Mkatoliki akiwa kijana, akapewa upadri mwaka 1950, na miaka 3 baadaye akatumwa Israeli. Alikuwa Myahudi kwa damu, Mkristo kwa imani, raia wa Israeli kwa hiari yake, na mzaliwa wa Misri aliyejiona karibu na Waarabu. Mtu wa namna hiyo hana upande mmoja wa kukimbilia vita vinapozuka. Labda ndiyo sababu aliamini kwamba watu wa dini tatu wanaweza kukaa mahali pamoja, kila mmoja akishika dini yake bila kuificha. Jina la kijiji alilitoa katika kitabu cha nabii Isaya: Neve Shalom kwa Kiebrania, Wahat al-Salam kwa Kiarabu, yaani oasisi ya amani.

Kilima chenyewe hakikuwa na maji, umeme, barabara wala miti ya kivuli. Hussar, mwenzake Anne Le Meignen na wageni wachache waliokuja na kuondoka walikaa humo miaka kadhaa wakipambana na miiba na upepo. Wahisani walikuwepo. Wakazi ndio hawakuja.

Walipokuja, mwishoni mwa miaka ya 1970, hawakuwa wale aliokuwa akiwangoja. Padri alitarajia waumini. Waliofika walikuwa vijana wenye ndoa changa, wengi wao watu wasiosali, waliovutwa na siasa: Wayahudi waliochoshwa na vita, na Wapalestina wenye uraia wa Israeli. Hawa wa pili ni wale waliobaki ndani ya mipaka ya dola mpya mwaka 1948, ambao leo ni kama moja ya tano ya raia wake. Hadi mwaka 1966 waliishi chini ya utawala wa kijeshi, wakihitaji kibali hata cha kusafiri kutoka mji mmoja kwenda mwingine. Tarehe 30 Machi 1976, walipogoma kupinga kutwaliwa kwa ardhi yao katika Galilaya, sita kati yao waliuawa. Kwa hiyo Mpalestina aliyepanda kilima cha Latrun miaka michache baadaye hakupanda akitafuta kusali na jirani. Alikuja kudai usawa, na alitaka kuuona kwenye hati, kwenye kura na shuleni.

Sifa kubwa ya Hussar, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni kwamba alikubali. Mahali pa sala palijengwa: jumba jeupe la mviringo linaloitwa Nyumba ya Ukimya, lisilo na msalaba, mwezi wala nyota ya Daudi, ili yeyote aingie na anyamaze. Lakini kijiji aliwaachia wenyeji wakiendeshe wanavyotaka. Alikufa mwaka 1996 na kuzikwa hapo hapo.

Taasisi ya kwanza waliyoiunda wakazi hao ilikuwa Shule ya Amani, mwaka 1979. Shule hii haina mitihani. Vijana wa sekondari za Kiyahudi na za Kiarabu huletwa pamoja kwa siku chache, wakiongozwa na wawezeshaji wawili, mmoja wa kila upande. Makumi ya maelfu wamepita humo, na baadaye wakaongezeka wanasheria, walimu, wauguzi na waandishi wa habari. Mwanzoni mbinu ilikuwa ile inayomjia kila mwenye nia njema: michezo, chakula, kujuana kwa majina, kutafuta yale tunayofanana. Vijana waliagana wakikumbatiana. Kisha wawezeshaji, hasa wale wa Kipalestina, wakaanza kuuliza swali gumu. Kijana wa Kiyahudi anarudi nyumbani ameridhika kwamba amepata rafiki Mwarabu. Je, kijana wa Kiarabu anarudi na nini, ikiwa kijijini kwake kila kitu kiko vilevile alivyokiacha?

Wakabadilisha mbinu. Badala ya mtu na mtu, makundi mawili yalikaa yakitazamana kama makundi mawili, na hoja mezani zikawa ardhi, jeshi, bendera, nani ana nguvu na nani hana. Kila kundi lilipewa pia muda wake peke yake, bila upande wa pili kusikia. Mazungumzo yalikuwa makali na mara nyingine machozi yalitoka. Hata lugha ya kikao iligeuka hoja. Vijana wa Kiarabu wanakijua Kiebrania kwa sababu bila hicho hakuna chuo wala kazi, ilhali wenzao wachache mno wanaweza kujibu salamu ya Kiarabu zaidi ya maneno mawili. Kijana wa Kipalestina anapoamua kusema kwa Kiarabu na kumwacha mwezeshaji atafsiri, wale waliozoea kuelewa kila kitu hujikuta kwa mara ya kwanza wakisubiri. Huwa ni dakika chache tu, lakini zimewafundisha wengi kuliko hotuba yoyote juu ya usawa.

Shule ya msingi ilianza mwaka 1984 kwa watoto wachache wa kijiji chenyewe. Ilikuwa ya kwanza nchini kufundisha watoto wa jamii zote mbili kwa lugha zote mbili, jambo la ajabu katika nchi ambayo mtoto wa Kiyahudi na wa Kiarabu husoma katika mifumo tofauti tangu chekechea. Mwaka 1990 ilifungua mlango kwa watoto wa nje, na leo wengi wa wanafunzi huja kwa basi kutoka miji ya jirani. Kila mwalimu husema kwa lugha yake na hatafsiri. Mtoto analazimika kufuata. Sikukuu za Waislamu, Wakristo na Wayahudi zote ziko kwenye kalenda. Hadi hapo ni rahisi.

Ugumu huja majira ya machipuo, taifa la Israeli linaposherehekea uhuru wake na Wapalestina wanapoomboleza Nakba, yaani kupoteza nchi na kufukuzwa kwa watu wapatao 700,000 mwaka 1948. Tukio ni moja. Babu wa mtoto huyu alilichezea ngoma. Nyanya wa yule alibeba ufunguo wa nyumba ambayo hakurudi tena. Walimu walijadiliana miaka mingi kabla ya kupata utaratibu: watoto hugawanywa kwanza, kila kundi na mwalimu wake, wazungumze na kukumbuka bila kujizuia, kisha hukutanishwa na kila upande husikiliza simulizi ya mwenzake. Hailazimishwi simulizi ya tatu inayowapendeza wote. Wapo wazazi wanaoona kuwatenga watoto hata kwa saa chache ni kuvunja shabaha ya shule. Lakini walimu hao walijua kwamba mtoto aliyezuiwa kuhuzunika hasahau. Huenda kuhuzunika mahali pengine.

Mtihani mkubwa kuliko yote uliwafika watu wazima. Usiku wa tarehe 4 Februari 1997 helikopta mbili za jeshi la Israeli zilizokuwa zikipeleka askari kusini mwa Lebanon ziligongana angani. Askari 73 walikufa. Mmoja wao alikuwa kijana aliyekulia kwenye kilima kile, aliyecheza na watoto wa Kipalestina tangu utotoni na kusoma nao darasa moja. Kijiji kizima kilikwenda kuhani, Waarabu na Wayahudi, na siku zile za matanga hakuna aliyeuliza alikufa akiwa amevaa nini.

Ilipopendekezwa kuwekwa alama ya kumkumbuka ndani ya kijiji, mambo yakabadilika. Kwa wazazi wa kijana na marafiki zao, huyu alikuwa mtoto wa kijiji na kilima kilikuwa kwao. Akumbukwe wapi kama si hapo? Kwa majirani wengi wa Kipalestina, kumbukumbu ya askari aliyekuwa njiani kwenda Lebanon, nchi yenye kambi za wakimbizi wa ukoo wao, ilikuwa kuwataka waliheshimu jeshi linalowaua ndugu zao. Majirani waliokuwa wakiachiana watoto wakaacha kusalimiana. Vikao vilifuatana, vikavunjika, vikaitishwa tena. Mwishowe kibao kidogo kiliwekwa kwenye uwanja wa mpira wa kikapu alikokuwa akicheza, chenye maneno yanayomtaja kama mtoto wa amani aliyeuawa vitani. Wengine waliridhika, wengine walinyamaza tu. Hakuna familia iliyofukuzwa wala upande uliotangazwa mshindi. Watafiti waliokiandika kijiji hiki wamelitaja tukio hili mara nyingi, na wana haki, kwa sababu hapo ndipo panapoonekana kilichokiweka kijiji hai. Si upendo, kwa maana upendo ulikuwa umekauka miezi ile. Ni kwamba palikuwa na kikao cha kurudia, na idadi sawa ya watu ndani yake.

Usawa huo wa idadi ni sheria ya kijiji tangu mwanzo: nusu Wayahudi, nusu Wapalestina, na kamati ya kupokea wakazi wapya hulinda mizani hiyo. Viongozi wa kijiji huchaguliwa kwa kura, na wametoka pande zote mbili. Serikali ilichelewa sana kuwasaidia, na kwa miaka mingi shule ya msingi na Shule ya Amani zilitegemea vyama vya marafiki wa Ulaya na Marekani. Bado Kiebrania hutawala vikao vya watu wazima, na Wayahudi wengi wa kijiji, baada ya miaka mingi ya kukaa pale, hawawezi kujadili bajeti kwa Kiarabu. Wakazi wa Kipalestina huikumbusha aibu hiyo kila inapobidi.

Nje ya kijiji, wapo wasiopenda hata kidogo mahali hapa pawepo. Juni 2012 matairi ya magari ya wakazi yalichanwa usiku na maneno ya chuki yakaandikwa juu yake. Septemba 2020 moto, unaoshukiwa kuwa wa makusudi, uliunguza Shule ya Amani. Shule za Hand in Hand, zilizoanzishwa mwaka 1998 kwa mfano unaofanana na huu, nazo zimeonja hayo: Novemba 2014 darasa la watoto wadogo katika shule yao ya Yerusalemu lilichomwa na vijana wa kikundi cha Wayahudi wenye siasa kali. Upande wa pili, wapo Wapalestina wanaosema kwamba kijiji kama hiki huupa ukaliaji sura nzuri: wageni huja, hupiga picha, huondoka wakidhani mambo si mabaya kiasi hicho, huku kilomita chache tu kutoka hapo wakimbizi wa Imwas wakizuiwa kurudi. Shutuma hii ina uzito kuliko matairi yaliyochanwa, na wakazi wenyewe hawaikwepi. Wamewahi kuandaa misafara ya madaktari kwenda Ukingo wa Magharibi, na wameandamana, lakini vijiji vile vitatu havijarudi, na wao wanaishi na jambo hilo kila siku.

Tangu shambulio la tarehe 7 Oktoba 2023 dhidi ya Israeli na vita vya Gaza vilivyofuata, vikao vimekuwa vizito kuliko hata vile vya mwaka 1997. Shule inaendelea. Watoto wakimaliza darasa la 6, wengi huachana, Wayahudi huenda sekondari za Kiyahudi na Wapalestina za Kiarabu, na wakifika miaka 18 barua za jeshi huwafikia baadhi yao na si wengine. Hakuna sheria ya kijiji inayomwamuru kijana aende au akatae. Kila nyumba huamua, na majirani hujua ilivyoamua. Hata hivyo baadhi ya waliokulia pale wamerudi wakiwa na wake, waume na watoto, wakaomba viwanja na kujenga kando ya wazazi wao. Orodha ya familia zinazosubiri nafasi ni ndefu kuliko viwanja vilivyopo, na kamati inaendelea kupokea maombi.