Ngeli Sio Cheo: English-Speaking Union Ni Nini, na Msee wa Pipeline Anaingilia Wapi?

Kama unaishi Pipe, hii stori unaijua. Ploti moja, orofa nane, na kwa kamba ya kuanika nguo unakutana na Mkamba, Mluhya, jirani wa Kongo na mwingine wa Sudan Kusini. Na Mkongo mnasukumana na Kiswahili. Huyo wa Sudan Kusini, mara nyingi ni Ngeli inawaokoa. Leo tunabonga kuhusu hiyo Ngeli ya kuulizana kama maji yamerudi, sio ile ya kuringia watu.

Ilianza aje?

English-Speaking Union, ama ESU, ilianzishwa London mwaka wa 1918 na mwanahabari Evelyn Wrench. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa inaisha, na wazo lilikuwa kwamba watu wa nchi tofauti wanaweza kuwa mabeshte wakitumia Kiingereza. Winston Churchill aliwahi kuwa mwenyekiti wake miaka ya 1920. Mwaka wa 1957 ikapewa hati ya kifalme.

Lakini tuambiane ukweli. Kwa hiyo vita, wababu wetu walikuwa wanabebea jeshi la Uingereza mizigo kwa Carrier Corps. Jina hilo ndilo liligeuka Kariakor, hapo tu karibu na tao. Huo urafiki wa kimataifa haukuwafikia. Halafu Ngeli ikaingia shuleni na disk: ukishikwa ukibonga lugha ya shosho, unavalishwa, unachapwa. Ndiyo maana hadi leo kuna msee ana hoja safi lakini kwa mkutano ananyamaza, anaogopa kuchekwa akishrub.

Wanafanya nini?

Kitu yao kubwa ni mashindano ya kimataifa ya kuhutubia, yanayofanyika London. Ni ya vijana wa miaka 16 hadi 20 kutoka nchi nyingi. Unatoa hotuba fupi, kisha unaulizwa maswali hapo hapo. ESU huangalia mambo manne: hoja na ushahidi, kusikiliza na kujibu, namna unavyojieleza, na mpangilio. Umeona lafudhi hapo? Haiko. Hakuna alama za kutoa maneno kwa pua.

Unaingia aje?

Hujipeleki London mwenyewe. Nchi hutuma washindi wa mashindano yao ya nyumbani. Kama uko shule, anza na mwalimu wa Kiingereza ama klabu ya mdahalo. Kama hiyo mlango imefungwa, kuna zingine:

- Insha ya Jumuiya ya Madola. Ilianza 1883. Ni ya hadi miaka 18, na hulipi kitu.
- Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola. Kuanzia miaka 18, bure pia. Na hii itakufurahisha: wanapokea hadithi za Kiswahili.
- Toastmasters. Ilianzia California mwaka wa 1924, na Nairobi iko na klabu zake. Ni ya miaka 18 kwenda juu. Wanachama hulipa ada, lakini klabu nyingi humruhusu mgeni aingie kucheki kwanza.

Sasa, ya nini yote?

Katiba yetu ya 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na Kiswahili pamoja na Kiingereza ni lugha rasmi. Hakuna mahali imesema anayeongea Ngeli ndiye mwerevu. Ngeli ni daraja. Daraja halina maana kama unasimama katikati ukihesabu nani ameteleza.

Kwa hivyo kabla ya London, panda rooftop jioni. Muulize yule jirani wa Sudan Kusini siku yake imekuwa aje, na umsikilize hadi amalize. Akikosea neno, usicheke. Ukikosea wewe, endelea tu. Kusikiliza na kujibu, hiyo tayari ni alama moja kati ya zile nne.