Ukapelani wa Mashambani

Ukapelani wa mashambani ni huduma ya kichungaji ambayo makanisa, hasa ya Uingereza, huwapa wakulima, wafugaji na familia zao huko huko wanakoishi na kufanya kazi, bila kungoja waje ibadani na bila kuwauliza kama ni waumini. Neno kapelani, linalotumika pia kwa wahudumu wa majeshi, magereza, hospitali na vyuo, asili yake ni Kilatini cappellanus, jina walilopewa makasisi waliotunza joho la Mtakatifu Martino wa Tours, ambalo wafalme wa Wafaranki walilichukua hata vitani. Na kwa kuwa joho lile lilihama pamoja na mfalme, mtunzaji wake naye alihama. Sifa hiyo imebaki katika maana ya sasa: mchungaji ana usharika wake na mipaka yake, ilhali kapelani ana mahali anapokwenda, na yeyote amkutaye hapo ni wake.

Wapo watakaopendelea kusema ukasisi wa kilimo, lakini tafsiri hiyo ina kasoro katika maneno yake yote mawili. Kasisi ni mtu aliyepewa daraja takatifu, wakati wengi wanaofanya kazi hii ni walei. Neno kilimo linapotosha zaidi, kwani msomaji wa Kiswahili atamfikiria padri anayefundisha watu kulima, na historia itamuunga mkono: wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo mwaka 1868, waliwaweka watumwa waliokombolewa katika kijiji chenye mashamba, na kahawa ya Kilimanjaro haiwezi kusimuliwa bila kuitaja misheni ya Kilema. Kapelani hashughuliki na mbegu wala mbolea, ambazo ni kazi ya bwana shamba. Anashughulika na mwenye shamba.

Hata hivyo, kusema ukapelani wa wakulima hakutoshi, kwa kuwa Kiingereza kina jina moja kwa anayelima na anayefuga, na Kiswahili kinawatenga wawili hao kwa majina, kama vile migogoro ya ardhi ya Kilosa, Tanzania, ilivyowatenga kwa vitendo. Mtu wa Cumbria, Uingereza, mwenye mamia ya kondoo milimani, ambaye huenda hajapanda hata mche mmoja wa viazi, angebaki nje ya istilahi iliyokusudiwa kwa ajili yake. Mashambani ni bora, kwa sababu linabeba shamba lenyewe na pia maisha yote yaliyo mbali na mji.

Umuhimu wa tofauti hiyo ya mkulima na mfugaji ulidhihirika mwaka 2001, ugonjwa wa mifugo wa miguu na midomo ulipothibitishwa mkoani Essex, Uingereza, mwezi Februari, kisha ukaenea hadi wanyama zaidi ya milioni 6 wakachinjwa nchini humo, wengine wakiwa wazima ila tu walikuwa jirani na walioambukizwa. Cumbria iliumia kuliko mikoa mingine yote. Huko kundi la kondoo wa milimani halifungwi kwa uzio, bali kila mwanakondoo hujifunza mipaka ya malisho kwa kumfuata mama yake, hivyo kundi likiisha hupotea ujuzi wa vizazi ambao fidia ya serikali, hata ikilipwa kwa ukamilifu, haiwezi kuununua mnadani. Mashamba yalikuwa chini ya karantini, na makapelani waliozoea kubisha hodi walilazimika kufanya huduma kwa simu. Anayedhani kwamba kilichopotea kilikuwa mifugo tu hajaelewa kwa nini kanisa lilihitajika, maana shamba la familia ni kazi na nyumba kwa wakati mmoja, na aghalabu ni urithi ambao mtu huona aibu kuwa yeye ndiye aliyeupoteza.

Huduma yenyewe ilikuwa na mizizi kabla ya hapo. Kituo cha Arthur Rank kilianzishwa Stoneleigh mwaka 1972 kwa ushirikiano wa makanisa na taasisi za kilimo, na mwaka 1995 ukaanzishwa mtandao wa watu wa kujitolea, ambao leo unaitwa Farming Community Network, kuwasaidia wakulima walio katika dhiki. Katika siku za kawaida mahali pa kapelani ni mnada wa mifugo, ambako mtu afanyaye kazi peke yake hukutana na wenzake. Mazungumzo huanza na bei ya kondoo, na mara nyingi huishia hapo. Hilo si kushindwa, kwani anayezungumza bei leo ndiye atakayepiga simu siku benki itakapodai mkopo wake. Hapo kapelani humsindikiza kwa mshauri wa madeni au kwa daktari, wala hajifanyi kuwa mmoja wao. Huko Wales, shirika la Tir Dewi, lililoanzishwa mwaka 2015 katika Dayosisi ya St Davids, hupokea simu za namna hiyo kwa Kiingereza na kwa Kiwelishi, lugha ambayo wafugaji wengi wa magharibi huitumia nyumbani.