Kichwa Kinachowaka: Jinsi Mateso ya Wanafunzi wa Nigeria Yalivyopata Jina na Kipimo

Mwanafunzi anasoma ukurasa mzima, halafu hakumbuki hata mstari mmoja. Kichwa kinawaka moto. Wengine huhisi kama wadudu wanatambaa ndani ya fuvu. Shingo inauma, macho yanaona ukungu, na kila akijilazimisha kusoma hali inazidi.

Malalamiko hayo aliyasikia mara kwa mara Raymond Prince, daktari wa akili kutoka Kanada, aliyeanza kazi mwaka 1957 katika hospitali ya Aro, Abeokuta, iliyoongozwa na Thomas Adeoye Lambo. Mwaka 1960 Prince aliandika kuhusu hali hii akiiita “uchovu wa ubongo”, jina alilolisikia kwa wanafunzi wenyewe. Baadaye likapatikana dodoso fupi la maswali 7, yaliyotokana na malalamiko hayo hayo ya kichwa, macho na kusoma bila kuelewa.

Kwa usikivu huo Prince anastahili heshima. Maelezo yake ndiyo yenye utata. Alisema elimu ya Kizungu humtaka mtu asome na ashindane peke yake, na hilo hugongana na malezi ya Kiafrika ya kuishi kwa jamaa. Lakini katika karne ya 19 madaktari wa Uingereza walikuwa wakilitumia jina hilo hilo kwa makarani, mawakili na wanafunzi wa kwao waliochoshwa na kazi ya kichwa. Vipi basi uwe ugonjwa wa Mwafrika?

Mwaka 1980 Morakinyo, mtafiti wa Nigeria, aliangalia usiku wa mwanafunzi: kiu kubwa ya kufaulu, vichangamshi vya kufukuza usingizi, na mwili usiopumzika. Hapo naona ukweli ulio karibu zaidi. Prince naye alikuwa ameutaja mzigo wa matarajio ya ukoo, na kwa maoni yangu ndipo alipopaswa kukaa muda mrefu. Kijana ambaye ada yake imechangwa na wajomba na shangazi, huku wadogo zake wakisubiri amalize ndipo nao wasomeshwe, anaingia chumba cha mtihani na nyumba nzima mabegani. Mzigo huo una uzito hata kwa anayeipenda elimu hiyo ya Kizungu kwa moyo wote.

Mwaka 1994 uchovu huu uliingizwa katika kiambatisho cha mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani. Toleo la 2013 halikuupa tena nafasi ya peke yake. Leo watafiti wengi vyuoni, Kenya na Tanzania pia, huwapima wanafunzi kwa dodoso la sonona la maswali 9 lililochapishwa mwaka 2001. Linauliza kuhusu usingizi, hamu ya kula, na kama mtu anashindwa kutulia akisoma gazeti au kutazama televisheni. Halina swali hata moja kuhusu kichwa kinachowaka, wala kuhusu nani analipa ada.